Zile picha za magenge ya wasichana wa Japani, nyingi ni za filamu

Watu wengi wanaamini picha zinazozunguka mtandaoni za sukeban, wale wasichana watukutu wa shule wa Japani, zote zilipigwa mtaani na zinaonyesha magenge halisi. Si ajabu kuamini hivo, maana hao mabinti walikuwepo kweli, walianza kuonekana miaka ya 60 mwishoni wakati magenge ya wavulana hayawataki, wakaunda ya kwao, wakavuma sana miaka ya 70.

Ila nyingi ya hizo picha, hasa zile kali za kushika visu, zimetoka kwenye filamu za bei chee ambazo studio za Japani zilikuwa zinatoa mfululizo mwanzoni mwa miaka ya 70, na walioko pale ni waigizaji tu. Hata ile yoyo ya chuma, kile kidude cha kamba ambacho msichana anakishika kama silaha kwenye baadhi ya picha, imetoka kwenye katuni ya vitabuni, afu ikaja tamthilia ya TV 1985.

Kujua ipi ni ipi si kazi. Cheki sketi kwanza, sukeban walivaa ndefu inakaribia kifundo cha mguu, blauzi wameikata fupi, nyusi wamezinyoa nyembamba. Sketi fupi na soksi zilizolegea ni fasheni ya wanafunzi wa miaka ya 90, hao ni wengine kabisa. Afu iweke picha kwenye gugo utafute kwa picha, ikikuletea posta yenye jina la filamu basi umeshapata jibu, na kama taa zimepangwa vizuri na mekapu haijaharibika katikati ya ngumi, mmh, hapo kuna dairekta.