Patholojia si mochwari, wala si jina jengine la ugonjwa

Mgonjwa aliyekatwa kipande kidogo cha mwili ili kichunguzwe anaambiwa "kinyama chako kimepelekwa patholojia". Akifika nyumbani anakuta jamaa wanasemezana kwa sauti ya chini, maana kwao patholojia ni pale wanapopasuliwa maiti. Wengine wameshaamua kuwa ni saratani kabla kinyama hakijafika maabara. Na wenye makoti meupe, ambao hawana udhuru, utawasikia wakisema "picha ya mapafu haina patholojia", wakikusudia kuwa haina ugonjwa. Mmoja amelifanya neno kuwa chumba, wa pili amelifanya hukumu, wa tatu amelifanya ugonjwa wenyewe.

Patholojia ni elimu ya namna maradhi yanavyoubadilisha mwili: nini kimeharibika kwenye kiungo, kwenye tishu, kwenye seli na kwenye molekuli, na uharibifu huo ulipita hatua gani mpaka mtu akaumwa. Upande wake wa hospitali husoma vinyama, damu na majimaji ili daktari ajue mgonjwa ana nini. Upande wake wa utafiti huuliza kwa nini na kwa njia gani. Maiti ni mlango mmoja tu wa nyumba hii, na si ule wenye foleni.

Neno ni la Kigiriki. Pathos ni lile linalompata mtu: mateso, msiba, jambo lililomfika. Logos ni maelezo. (Asije mtu akatwambia kuwa "patho" na "kupatwa" ni ndugu. Ni sadfa ya sikio tu, ingawa ni sadfa nzuri, kwani Mswahili naye hasemi mtu amefanya maradhi, husema amepatwa nayo.) Tukilifuata neno kwa asili yake, patholojia ni kumkalia kitako aliyefikwa na jambo na kuuliza lilikwendaje.

Pembeni yake lipo neno jengine, etiolojia, na hapa ndipo mchanganyiko unapoudhi. Hili limetoka kwenye aitia, ambalo kwa Wagiriki lilikuwa lawama na shtaka kabla wanafalsafa hawajalifanya "sababu". Etiolojia inamtafuta wa kulaumiwa: mdudu gani, sumu gani, jeni gani (jeni, si jini). Akishapatikana mshtakiwa, kazi yake imekwisha. Ya patholojia ndiyo kwanza inaanza.

Sisi tumeyabeba yote mawili kwa neno moja, "sababu", na neno hilo nalo lina habari yake. Sabab ya Kiarabu asili yake ni kamba. Katika Suratul Hajj, aya ya 15, wafasiri wengi hulitafsiri hivyo hivyo, kamba ya kunyooshwa kuelekea juu. Kamba ndiyo inayomfikisha mtu kwenye maji ya kisima, kisha neno likahamia kwa kila kinachomfikisha mtu kwenye jambo. Kwa hiyo anayesema "sababu ya kichocho ni minyoo" hakukosea, ila ameshika ncha moja. Ncha ya pili ni mtoto anayekojoa damu. Patholojia ni kamba yenyewe baina ya ncha mbili, uzi kwa uzi, na kazi kubwa iko kwenye mafundo.

Mochwari imeingiaje? Kwa historia. Mwaka 1761 Giovanni Battista Morgagni wa Padua, Italia, alichapisha matokeo ya kupasua mamia ya maiti, akionesha kuwa maradhi yana makao: kila dalili ya mtu aliye hai aliioanisha na kiungo kilichoharibika. Mwaka 1858 Rudolf Virchow, Berlin, akaishusha hoja kutoka kwenye kiungo hadi kwenye seli. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake Marekani wakaonesha kuwa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ya mwenye selimundu, maradhi ya damu ya kurithi, inakwenda tofauti na ya kawaida ikiwekwa kwenye uga wa umeme. Maradhi yalikuwa yamefikishwa mpaka kwenye molekuli moja. Elimu imetoka kwenye maiti ikaenda kwenye kiungo, seli, kisha molekuli. Jina midomoni mwetu limebaki kwa Morgagni.

Sasa tuione kamba kwa karibu, na kichocho cha mkojo kinatutosha, kwani Unguja na Pemba hakuna asiyekijua. Theodor Bilharz, daktari wa Kijerumani, alimwona mnyoo wake mwaka 1851 akipasua maiti Cairo. Mpaka mwaka 1915 ndipo Robert Leiper, huko huko Misri, alipobainisha kuwa lazima mnyoo apitie kwenye konokono wa maji baridi. Kwa upande wa lawama, kesi ikaishia hapo. Konokono anajulikana, mnyoo anajulikana, kijito kinajulikana. Lakini hapo bado hatujasema kwa nini mtoto anakojoa damu.

Mnyoo mzima hana ugomvi mkubwa na mwili. Dume na jike hukaa wamekumbatiana ndani ya vena zinazozunguka kibofu, miaka kadhaa, wamejivisha protini za mwenyeji wao, na kinga ya mwili inawapita kama haiwaoni. Ugomvi ni wa mayai. Jike hutaga makumi mpaka mamia kwa siku, kila yai likiwa na urefu wa mikroni 110 hadi 170 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na mwiba nchani. Mayai yanayofanikiwa kupenya ukuta wa kibofu hutoka na mkojo, na huko kupenya ndiko kunakotoa damu. Mengi hayatoki. Yanakwama kwenye tishu.

Yai lililokwama lina kiluwiluwi hai ndani yake kwa wiki kadhaa, nacho hutoa vimeng'enya na protini zinazopenya vitundu vya ganda. Kinga inazinusa. Zinakuja seli za kinga, eosinofili, makrofaji na limfosaiti, zinalizunguka yai tabaka kwa tabaka mpaka linakuwa kinundu, ambacho wataalamu hukiita granuloma. Limfosaiti humwaga protini za kupelekeana habari, miongoni mwao interlukini-4 na interlukini-13. Hii ya pili huziamrisha seli za fibroblasti kushona kolajeni, yaani kovu. Yai linakufa, chokaa inaliganda, kovu linabaki. Zidisha hayo kwa maelfu ya mayai na miaka kumi. Ukuta wa kibofu unakuwa mgumu, na ndani yake mna mabaka yanayofanana na mchanga. Chokaa ikizidi, kibofu huonekana kwenye eksirei kama kichwa cha kitoto kilicho tumboni. Kovu likiuziba mrija wa kutoka kwenye figo, mkojo unarudi nyuma na figo linavimba, mara nyingi bila ya maumivu yoyote ya kumshtua mtu. Na utando wa ndani wa kibofu, ukichokozwa kwa miaka mingi, hubadilisha aina ya seli zake zikawa bapa kama za ngozi. Kutoka hapo saratani ya seli bapa ina njia. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilimweka mnyoo huyu kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo jeraha la kichocho, kwa sehemu kubwa, limetengenezwa na mwili wenyewe ukijitetea. Hakuna neno "mnyoo" linaloweza kukupa habari hiyo.

Watafiti wa tishu na molekuli wamelifungua fundo hili kwa panya wa maabara walioambukizwa mnyoo wa aina ya pili, ule wa matumbo na ini. Walipoizuia interlukini-13 isifanye kazi, kovu kwenye ini lilipungua sana, na mayai yalikuwa yale yale. Lawama haikubadilika, yaliyomfika panya yakabadilika. Mtu angeweza kukimbilia kusema basi tuizime kinga yote. Lakini panya wasiokuwa na limfosaiti za T, zile zinazoiongoza kinga, hawajengi vinundu vya maana, na ini lao huumizwa moja kwa moja na sumu za yai. Kile kinundu kinachotia kovu ndicho pia kinachoizuia sumu isisambae.

Dawa nazo zinaeleweka vizuri zaidi ukiijua kamba. Prazikwanteli inayogawiwa skuli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo mizima. Minyoo michanga haiiwezi vizuri, na mayai yaliyokwisha kukwama haiyaondoi. Kwa mtoto, minyoo ikifa na asiambukizwe tena, vinundu vipya hunywea na kibofu aghalabu hurudi. Kwa mtu mzima mwenye makovu ya miaka, kidonge kinafunga duka lakini hakijengi upya ukuta. Anayelalamika kuwa dawa haikufanya kazi pengine ilifanya kazi yake yote, ila kazi hiyo haikuwa ya kufuta kovu.

Hapo hapo tutenganishe na jambo jengine. Kuchuja mililita 10 za mkojo na kuhesabu mayai chini ya hadubini, kazi inayojulikana sana kwenye maabara kama ile ya Ivo de Carneri kule Wawi, Chake Chake, Pemba, si patholojia hii tunayoisema. Ni parasitolojia: inapima mzigo wa mdudu. Mayai 50 au zaidi kwa mililita 10 ni maambukizi mazito. Mkojo bora ni wa baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Lakini mtu mwenye kovu la zamani anaweza kuwa na hesabu ya sifuri, na kibofu chake kikawa kibaya kuliko cha mtoto mwenye mayai mia. Parasitolojia imekuhesabia wageni, haikukwambia nyumba imeharibika kiasi gani.

Nyumba husomwa kwenye kinyama, na kinyama kina masharti yake. Kikishakatwa, seli zake huanza kujimeng'enya wenyewe, na joto la Kaskazi halisaidii. Kinatakiwa kiingie mara moja kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia tishu, ya asilimia 10 iliyotiwa bafa ya kuizuia isigeuke tindikali, ujazo wake angalau mara kumi ya kinyama. Fomalini hupenya kama milimita moja kwa saa, kwa hiyo kipande kinene hukatwa vipande visivyozidi milimita 5, kisha hukaa saa 6 mpaka 24 au zaidi kidogo. Baada ya hapo hukaushwa kwa alkoholi ya kupandishwa nguvu hatua kwa hatua, hupitishwa kwenye zailini, hutiwa nta iliyoyeyuka, hukatwa kwa mikrotomu unene wa mikroni 3 hadi 5, hutandazwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili, hematoksilini ya bluu kwa viini vya seli na eosini ya waridi kwa vilivyobaki.

Yanayoharibu ni madogo madogo. Kinyama kilichotiwa kwenye maji ya chumvi badala ya fomalini kinafika kimeoza, na hakuna rangi ya kukifufua. Chupa yenye mdomo mwembamba hukipokea kikiwa laini, kikishakakamaa hakitoki. Jina lililoandikwa kwenye kifuniko huhama na kifuniko. Mayai yenye chokaa hukwaruza wembe wa mikrotomu, na kipande kinachanika kwa mistari iliyonyooka ambayo asiyejua ataidhani ni mpasuko wa tishu. Na fomalini isiyo na bafa hugeuka tindikali: huacha vidoa vyeusi kwenye damu na hukatakata DNA. Hili la mwisho ndilo linalowaumiza wa molekuli, kwani hata kwa fomalini nzuri DNA ya ndani ya nta hutoka vipande vifupi, na kipimo kinachotaka kipande kirefu hakijibu kitu.

Vinyama vingi vinavyopita njia hiyo havina saratani. Vipo vya uvimbe wa kawaida, vya mji wa mimba uliosafishwa, vya kidole tumbo kilichotolewa, vya tezi iliyovimba kwa kifua kikuu. Hupelekwa kwa sababu jicho la daktari haliwezi kuona seli.

Basi anayetaka kusema mochwari, neno mochwari lipo na linaeleweka. Daktari ambaye picha yake ni safi anaweza kusema haina kasoro, na mgonjwa ataelewa haraka zaidi. Na jamaa walioambiwa kinyama kimekwenda patholojia, swali lao lisiwe "kwani hali yake imefikia huko?" Waulize kiliwekwa kwenye fomalini saa ngapi, na majibu yatatoka siku gani.