Namba sita na uwanja unaopungua: Victor Wanyama kwa jicho la mwalimu

Kila msimu kwenye timu yangu ya vijana nagombana na mtu mmoja, na ugomvi ni ule ule. Safari hii ni kijana wa miaka 15, miguu mirefu, anausoma mchezo kuliko wenzake wote, na kila nikimpanga namba sita, yaani kiungo mkabaji, ananuna. "Mwalimu, mimi namba kumi." Namba kumi ninao wanane pale. Sita sina hata mmoja.

Kumweleza kijana wa umri huo utamu wa namba sita kwa maneno ni kazi bure. Kumi ana mabao, ana vipande vya video vya kutamba navyo. Sita atamwonyesha nani pasi ambayo mpinzani aliiwaza akaamua asiipige? Nikaamua kumwonyesha mechi za Victor Wanyama, kiungo mkabaji wa Kenya, moja kila Alhamisi baada ya mazoezi, kwa kufuata miaka. Ni katika kuzipanga hivyo ndipo nikaona kitu ambacho sikukiona wakati nikizitazama mubashara: kila Wanyama alipopanda daraja, kipande cha uwanja alichoruhusiwa kukanyaga kilipungua.

Wengi hapa Dar wanamjua kwa mambo matatu: lile bao la Anfield, uwanja wa Liverpool, ile tweet ya mwaka 2012 ya kutangazia dunia kwamba amekula spageti na ameifurahia, na ule mtaa wa Ubungo uliopewa jina lake alipotutembelea mwaka 2017, kibao kikashushwa hata rangi haijakauka vizuri. Yote matamu. Hakuna hata moja linaloeleza alikuwa anafanya nini uwanjani.

Alizaliwa Nairobi tarehe 25 Juni 1991 kwenye nyumba ya mpira. Baba, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards. Kaka, McDonald Mariga, naye kiungo, alikuwa kwenye kikosi cha Inter ya Italia kilichobeba Ligi ya Mabingwa Ulaya 2010. Dada, Mercy, ni wa mpira wa kikapu. Victor mwenyewe aliitwa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, akavaa jezi dhidi ya Nigeria Mei 2007, hajatimiza hata miaka 16. Mwaka huo huo alimfuata kaka yake Helsingborg, Sweden. Kaka alipohamia Parma, mdogo akarudi Nairobi.

Hapo kwenye kurudi huwa nasimamisha simulizi. Nimewaona vijana wetu wangapi wakienda majaribio nje, wakirudi, na mtaa ukawazika wakiwa hai? Anashuka uwanja wa ndege leo, kesho anaitwa "yule aliyeshindwa Ulaya". Wanyama alirudi, akaendelea kucheza, na mwaka 2008 akaenda Beerschot, mjini Antwerp, Ubelgiji. Alikuwa na miaka 17.

Ubelgiji, na mwanzoni pale Celtic ya Scotland, kuna nyakati alipangwa beki wa kati, na mimi naona hiyo ndiyo iliyomjenga. Beki wa kati mchezo wote uko mbele ya macho yake. Namba sita nusu ya mchezo iko mgongoni. Mtu aliyewahi kusimama nyuma anajua beki wake anaogopa nini, hivyo anajua pa kusimama hata bila kuitwa. Zoezi langu la hili ni rahisi: nasimama nyuma ya kijana, msaidizi wangu anampigia pasi kutoka mbele, na kabla mpira haujamfika mguuni lazima aseme nimenyoosha vidole vingapi. Wiki ya kwanza wote wanabahatisha. Huyu kijana wangu wiki ya kwanza alipata saba kwa kumi. Ndiyo maana sitamwachia awe namba kumi.

Celtic walimchukua 2011 kwa pauni 900,000 hivi. Akachagua jezi namba 67, heshima kwa kikosi kilichobeba Kombe la Ulaya Lisbon mwaka 1967. Kocha alikuwa Neil Lennon, ambaye naye alikuwa kiungo mkabaji wa hapo hapo. Kwa Wanyama huo ulikuwa uwanja mpana kuliko wote. Kwenye ligi ya Scotland Celtic wanashika mpira muda mrefu na wapinzani wanarudi kujaza lango lao, kwa hiyo sita anapata ruhusa ya kupanda, kupiga mashuti, kuingia kumi na nane. Ukitazama mechi za wakati ule unaona mtu anayekata uwanja mzima kama anakimbiza daladala ya mwisho.

Halafu ikaja tarehe 7 Novemba 2012, Barcelona wako Glasgow, wiki ambayo Celtic wanasherehekea miaka 125. Dakika ya 21 Charlie Mulgrew anachonga kona. Msongamano wote uko karibu na kipa, Wanyama yuko mlingoti wa mbali peke yake na mtu wake. Anaruka, anaupiga kichwa cha nguvu, Valdés hana la kufanya. Mkenya wa kwanza kufunga kwenye Ligi ya Mabingwa. Tony Watt akaongeza la pili, Messi akapata lao moja mwishoni kabisa, mechi ikaisha 2-1.

Kijana wangu aliomba turudie kichwa. Nikarudia mara moja, kisha nikamwekea dakika zilizobaki, zile zisizo na bao. Barcelona wana mpira karibu muda wote. Xavi huyu, Iniesta yule. Celtic wamekaa mistari miwili ya watu wanne wanne, Wanyama na Joe Ledley katikati. Nikamwambia: usimtazame mwenye mpira, tazama miguu ya Wanyama. Hakimbilii mpira. Anasogea hatua mbili kushoto, hatua moja nyuma, na kila mara anaishia kwenye ule mstari ambao ungechorwa kutoka kwa Xavi kwenda kwa Messi. Xavi anainua kichwa, anaona njia imezibwa, anapiga pembeni. Inahesabiwa pasi iliyofika. Kwenye takwimu Barcelona wamefaulu, uwanjani wamesukumwa kando. Tukahesabu pamoja, na ilipofika ya kumi na moja kijana akaacha kutazama simu, akanitazama mimi.

Julai 2013 Southampton walilipa pauni milioni 12.5, bei ambayo wakati huo hakuna klabu ya Scotland iliyowahi kupata kwa mchezaji. Akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Kocha ni Mauricio Pochettino, mtu wa kukabia juu. Timu inapokabia juu, washambuliaji na mawinga wanamvamia beki wa mpinzani huko huko kwake, na nyuma yao linabaki pori. Hilo pori ni la viungo wawili, yeye na Morgan Schneiderlin. Hakuna tena ruhusa ya kuzurura. Ukipanda ukakosea, mpinzani ana mita arobaini za kukimbia bila mtu.

Na hapa ndipo kadi zilipoanza kuonekana. Msimu wa 2015-16 alitolewa kwa nyekundu mara tatu. Watangazaji wakasema hasira. Sikubaliani nao sana. Nikizitazama rafu zake naona mtu aliyechelewa nusu hatua mahali ambapo nusu hatua haisamehewi. Mshambuliaji akikosea kwa nusu hatua anakosa bao, mashabiki wanaguna, basi. Sita akikosea kwa nusu hatua anakuwa amefika kwenye mguu wa mtu badala ya mpira.

Juni 2016 Pochettino, sasa yuko Tottenham, akamfuata kwa pauni milioni 11 hivi. Yaani aliuzwa kwa bei ndogo kuliko aliyonunuliwa, akiwa kwenye ubora wake. Wazazi huwa wananiuliza hili. Mkataba wake ulikuwa umebakiza mwaka mmoja, na klabu yenye mchezaji wa mwaka mmoja ni kama mama mwenye ndoo ya samaki saa kumi na moja jioni: auze sasa au kesho atupe.

Msimu wa 2016-17 ndio bora kwake, kwa maoni yangu hata kuliko usiku wa Barcelona. Mechi 36 kati ya 38 za ligi. Tottenham wakamaliza wa pili kwa pointi 86, wakafungwa mabao 26 tu, machache kuliko timu yoyote. Pembeni yake alikuwa Mousa Dembélé, ambaye kumnyang'anya mpira ilikuwa sawa na kumnyang'anya simba nyama. Mgawanyo wao ulieleweka: Dembélé anabeba mpira kwenda, Wanyama anabaki kulinda mlango. Uwanja wake ulikuwa umepungua hadi kipande kama cha nusu duara mbele ya mabeki watatu. Aliwahi kutoka humo, kwa kweli. Siku ya mechi ya mwisho White Hart Lane, uwanja wa zamani wa Tottenham, tarehe 14 Mei 2017 dhidi ya Manchester United, alifunga kwa kichwa dakika za mwanzo kabisa kutokana na krosi ya Ben Davies.

Kisha goti. Aliumia Agosti 2017 na sehemu kubwa ya msimu ule ikapotea. Goti la namba sita lina maisha mabaya. Winga anakimbia mstari mrefu, anapunguza mwendo, anapumzika. Sita anakimbia mita tano, anafunga breki, anageuka, mita nne tena, breki. Goti halichoki na umbali, linachoka na breki.

Februari 4, 2018, Anfield, ndiyo kwanza anarudi rudi kutoka benchi. Liverpool wanaongoza 1-0, zimebaki dakika kumi hivi, ameingia sasa hivi kumpokea Dembélé. Mpira unaingia kutoka pembeni, Karius, kipa wa Liverpool, anaupangua kwa ngumi. Unatua nje ya kumi na nane, Wanyama anaukimbilia, hautulizi, anaupiga vilevile ulivyo, unakwenda kwenye kona ya juu ya nyavu. Likachaguliwa bao la mwezi. Mechi iliisha 2-2.

Vijana wote wamelitazama hili mara mia, lakini wanaanza kulitazama pale mguu unapogusa mpira. Mimi nasimamisha video sekunde nne kabla. Wenzake wako ndani wanasubiri krosi. Yeye kwa nini yuko nje, peke yake? Kwa sababu hapo ndipo kituo chake cha kazi timu inaposhambulia: mpira ukipanguliwa, mtu wa kwanza kuukuta awe yeye, ili Liverpool wasikimbie nao. Alikuwa kalinda shambulizi la kushtukiza, mpira ukamjia kama ulivyotakiwa. Lile bao ni ulinzi uliogeuka shuti.

Mwaka uliofuata sisi Watanzania tulikutana naye ana kwa ana. Juni 27, 2019, AFCON ya Misri, Kenya na Tanzania, yeye nahodha kule, Samatta nahodha huku. Nilikuwa kibanda umiza, jasho tupu. Msuva akafunga mapema, Olunga akasawazisha, Samatta akatupa uongozi tena hapo hapo, tukaanza kukumbatiana na watu tusiojuana. Kipindi cha pili Omolo, kisha Olunga tena, 3-2. Mwenye kibanda akazima televisheni kabla hata ya marudio. Sitaichambua mechi ile zaidi, bado inauma.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Machi 2020 akaenda Montreal, chini ya Thierry Henry, akabeba ubingwa wa Kanada 2021 na kuwa nahodha; kuna mechi alirudishwa kabisa kwenye mstari wa mabeki, alikoanzia. Septemba 2021 aliiaga Harambee Stars. Mwaka 2025 akajiunga na Dunfermline ya Scotland, kwa Neil Lennon yule yule.

Ila mechi niliyoiweka Alhamisi iliyopita ni ya Amsterdam, Mei 8, 2019, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Tottenham dhidi ya Ajax. Wanyama ameanza. Mapumziko Tottenham wako nyuma 2-0, jumla 3-0. Pochettino anahitaji mabao matatu (wakati ule jumla ikilingana, mabao ya ugenini ndiyo yaliyoamua), anatazama kikosi chake, anamtoa Wanyama na kumwingiza Fernando Llorente, mshambuliaji mrefu wa kupokea mipira ya juu. Lucas Moura akafunga yote matatu, la mwisho dakika ya mwisho kabisa ya nyongeza, na Tottenham wakaenda fainali. Wanyama alikuwa benchi anarukaruka na wenzake.

Kijana alinyamaza kidogo, akapangusa kioo cha simu yangu kwa jezi yake.

"Kwa hiyo mwalimu, tukifungwa mbili nitatolewa mimi?"

"Ndiyo. Wewe wa kwanza."

Akaguna. Akainuka kwenda kuokota koni, na alipofika katikati ya uwanja nikamwona anageuza shingo, kulia, kushoto, kabla ya kuinama.