Mombasa haikuanzishwa na Wareno

Mtu akishaingia Fort Jesus, ukuta mnene wa mawe ya matumbawe humjaa machoni, na wengi hutoka wakiamini kwamba Mombasa ilianzishwa na Wareno. Siyo. Wareno waliijenga ngome hiyo kati ya 1593 na 1596 ili kuushika mji uliokuwapo tayari, wenye bandari, misikiti na wafanyabiashara wake.

Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alilala hapa usiku mmoja mwaka 1331, miaka 167 kabla ya Vasco da Gama kufika. Anasimulia misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na kando ya mlango kisima cha kina kifupi: unachota maji kwa bakuli la mti lenye kijiti cha urefu wa dhiraa, unaosha miguu, unaifuta mkekani, ndipo unaingia. Mji wenye adabu kama hiyo haukuzaliwa juzi. Wenyewe waliuita Mvita, na mapokeo ya wenyeji yanawataja watawala wake wa mwanzo: Malkia Mwana Mkisi, kisha Shehe Mvita.

Kwa hiyo ukifika kwenye makumbusho humo ngomeni, usiishie kwenye mizinga na mabaki ya merikebu ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Nenda kwenye kabati za vyombo. Vigae vya kaure ya Uchina vilivyofukuliwa katika miji ya kale ya pwani, kama Gedi, ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote. Baadhi vililetwa na biashara ya Bahari ya Hindi kabla Mreno yeyote hajaiona pwani hii.