Kipande cha siku 30 hakikuwa mwezi mmoja

Wengi hudhani kwamba manamba, yaani vibarua wa mkataba katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika enzi za ukoloni, walilipwa kila mwezi, kwa kuwa kipande chao, yaani kadi ya kazi, kilikuwa cha siku 30. Sivyo. Siku hizo zilikuwa za kazi iliyokamilika, si za kalenda. Mkataji alipangiwa idadi ya mizigo ya majani kwa siku. Asipoitimiza, mnyapara hakutia alama kwenye kadi, hata kama mtu alishinda shambani kutwa. Ugonjwa au mvua viliacha nafasi tupu. Kwa hiyo kipande kimoja kingeweza kuchukua wiki sita au zaidi, na malipo yalisubiri kijae.

Kwa nini ukali huu? Mkonge ndio uliotaka. Jani likishakatwa lazima lifike haraka kwenye korona, mashine ya kutenganisha nyuzi na jani, kabla halijakauka na kuharibu nyuzi, na nyuzi zenyewe ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Mashine ikikosa majani inasimama. Mkonge pia hukatwa mwaka mzima, tofauti na pamba.

Wenyeji wa Tanga walikuwa na mashamba yao, wengi hawakuwa na haja ya kazi hiyo. Ndipo watu wakatafutwa mbali: Kigoma, Songea, Urundi, Msumbiji. Huko kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na zao la kuuza lilikuwa haba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuwaandikisha. Jina manamba lenyewe latokana na namba walizopewa.