Mbona Safari Iliyopita Sikuvuliwa Viatu?

Abiria anayetoka Dar es Salaam kwenda London kwa kupitia Doha hukaguliwa mlangoni mwa jengo, hukaguliwa tena kabla ya kuingia ukumbi wa kusubiri ndege, na akishuka Doha hukaguliwa mara nyingine ingawa hajatia mguu nje ya uwanja. Mahali pamoja anaambiwa atoe kompyuta kwenye begi, pengine anaambiwa aiache humo humo, tena kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia. Viatu vinavuliwa hapa, kule havivuliwi. Chupa ya maji iliyopita mlango wa kwanza bila neno inatupwa mlango wa pili. Ndiyo maana malalamiko yanayotufikia sisi tunaoshughulika na usalama wa usafiri wa anga yanafanana: mnajitungia tu, kila siku mna jipya, mnatusumbua sisi wenye paspoti hizi.

Yana ukweli kwa sehemu. Taratibu zinabadilika kweli, na mara nyingine zinabadilika kisha zikarudi zilikotoka. Lakini karibu kila moja ina tarehe yake na kisa chake, na anayekijua kisa huweza hata kubashiri ataambiwa nini foleni ikifika zamu yake.

Tuanze na viatu. Tarehe 22 Desemba 2001 Mwingereza Richard Reid alipanda ndege ya American Airlines kutoka Paris kwenda Miami akiwa ameficha vilipuzi kwenye soli za viatu vyake. Akiwa angani alihangaika kuviwasha kwa kiberiti hadi wahudumu wakagutuka, abiria wakamvamia na kumfunga. Baada ya hapo wakaguzi wa Marekani wakaanza kuvitilia shaka viatu, na kufikia Agosti 2006 kuvivua kukawa lazima kwa abiria wote. Lazima hiyo ilidumu hadi Julai 2025, serikali ya Marekani ilipotangaza kuiondoa. Habari ikasambaa WhatsApp kana kwamba dunia nzima imesamehewa. Tangazo la Washington halina nguvu katika uwanja usio wa Marekani. Mkaguzi wa Nairobi au Entebbe anafuata mpango wa usalama wa nchi yake na uwezo wa mashine iliyo mbele yake, na mlango wa kugundua vyuma hauoni kilichomo ndani ya soli kama si chuma.

Hakuna kanuni moja ya dunia nzima. Vipo viwango vya chini vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao yake Montreal. Vimeandikwa katika Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, kilichopitishwa mwaka 1974 baada ya wimbi la utekaji nyara wa ndege. Nchi mwanachama inatakiwa ivifikie, na ikitaka inaweza kuvizidisha. Kwa Tanzania msimamizi ni mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, kwa Kenya ni KCAA. Juu ya hapo, nchi unakokwenda inaweza kudai masharti ya ziada kwa ndege zote zinazoingia kwake, na shirika la ndege nalo likaongeza ya kwake. Basi mtu mmoja mwenye begi moja anaweza kuwa chini ya mikono mitatu kwa safari moja, na hakuna hata mmoja anayevunja sheria.

Linalochukiwa kuliko yote ni sharti la mililita 100 kwa vitu vya majimaji. Agosti 2006 polisi wa Uingereza waliwakamata watu waliokuwa wakipanga kulipua ndege za kwenda Amerika Kaskazini kwa vilipuzi vya majimaji vilivyotiwa kwenye chupa za vinywaji baridi. Asubuhi ya tarehe 10 mizigo ya mkononi ilizuiwa karibu yote, abiria wakapanda na paspoti na pochi ndani ya mfuko mwangavu. Marufuku ya namna hiyo isingeweza kudumu. Miezi michache baadaye Marekani na Ulaya zikatulia kwenye kipimo tunachokijua: chombo kisizidi mililita 100, na vyombo vyote viingie katika kifuko kimoja cha lita moja kinachofungika. Kinachopimwa ni chombo, si kilichobaki ndani. Tyubu ya dawa ya meno ya mililita 150 iliyobaki robo inakataliwa, maana mkaguzi anasoma maandishi ya kiwandani, hana mizani. Na orodha ya vinavyobanwa na sharti hili ni pana kuliko wengi wanavyodhani: asali, samli, siagi ya karanga, achari, mafuta ya mgando, mafuta ya nazi hata kama yameganda kwa baridi. Maziwa ya mtoto na dawa unazohitaji njiani kwa kawaida huruhusiwa zaidi ya hapo. Zitaje mapema na uwe na cheti cha daktari, usingoje begi lisimamishwe.

(Hicho kifuko kina kisa chake hapa nyumbani. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, ilibidi serikali ifafanue kwamba vifuko vya zipu vya kubebea vipodozi uwanjani vinaruhusiwa, kwa kuwa mgeni anatarajiwa aondoke navyo.)

Mbona basi baadhi ya viwanja vinaruhusu lita mbili? Jibu ni mashine. Eksirei ya kawaida inatoa picha bapa yenye rangi: chuma kinaonekana buluu, vitu vya asili ya mimea, vyakula na vilipuzi vingi vinaonekana rangi ya chungwa. Betri na vyuma vya kompyuta vinaficha kilicho chini yake, ndiyo maana unaambiwa uitoe. Kipande kikubwa cha chokoleti au jibini kinaweza kumfanya mkaguzi afungue begi, kwa kuwa uzito wake kwa ujazo uko karibu na wa baadhi ya vilipuzi. Mashine mpya zinazunguka begi kama zile za hospitali zinazopiga picha za tabaka kwa tabaka, na mkaguzi anaweza kuigeuza picha pande zote. Penye mashine hizo, kompyuta na chupa vinaweza kubaki ndani.

Hapo ndipo abiria walipochezewa shere. Uwanja wa London City, Uingereza, uliondoa sharti la mililita 100 mwaka 2023. Juni 2024 serikali ya Uingereza ikalirudisha, na tarehe 1 Septemba 2024 Umoja wa Ulaya nao ukalirudisha katika viwanja vilivyokuwa na mashine mpya, ukitaja sababu za kiufundi. Julai 2025 viwanja vya Edinburgh na Birmingham, vya Uingereza pia, vikaruhusu chombo cha hadi lita mbili. Kwa maoni yangu kurudi nyuma huko kuliharibu imani ya wasafiri kuliko upekuzi wowote, kwa sababu maelezo yaliyotolewa yalikuwa machache mno. Abiria hahitaji siri za mashine. Anahitaji kuambiwa kwamba uamuzi umebadilika, lini, na mpaka lini. Sasa hali ni hii: ukiondoka Edinburgh na chupa ya lita moja ya asali, halafu ukabadilisha ndege mahali penye mashine za zamani, chupa hiyo itabaki huko. Pakia kwa kufuata kituo kikali kuliko vyote katika safari yako, na kumbuka kwamba mara nyingi kituo hicho ni cha kati, si cha mwanzo.

Kwenye vifaa vya umeme hatari mbili zinavutana, na abiria yuko katikati. Tarehe 2 Februari 2016 ndege ya shirika la Daallo iliyotoka Mogadishu kwenda Djibouti ilipasuliwa tundu ubavuni na bomu lililofichwa ndani ya kompyuta. Ndege ilikuwa bado haijafika juu sana, ikaweza kurudi, na aliyekufa ni mlipuaji mwenyewe. Picha za kamera zilionyesha kompyuta hiyo ikikabidhiwa na watu waliokuwa wakifanya kazi uwanjani. Nasisitiza hilo kwa wanaouliza kwa nini hata rubani na mfagiaji wanapita kwenye mashine. Mwaka uliofuata, Machi 2017, Marekani ilizuia abiria kuingia na kifaa chochote cha umeme kikubwa kuliko simu ndani ya ndege zinazokwenda kwake kutoka viwanja kumi, vikiwemo Dubai, Abu Dhabi na Doha, njia kuu za wasafiri wetu. Kompyuta zikapelekwa tumboni mwa ndege, na mashirika ya Ghuba yakaanza kuwaazima vifaa vingine abiria wa daraja la biashara. Kufikia mwisho wa Julai zuio lilikuwa limeondolewa.

Wataalamu wa moto hawakulipenda zuio hilo tangu mwanzo. Betri ya lithiamu ikishika moto karibu na mhudumu, inaweza kuzimwa. Ikishika moto tumboni, hakuna wa kuifikia. Kwa sababu hiyo pawabenki haziruhusiwi kabisa kwenye begi la kupakiwa. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliteketea ikiwa bado chini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, na uchunguzi ukaelekeza kwenye pawabenki. Masharti yakakazwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 Emirates inaruhusu pawabenki moja tu iliyo chini ya wati-saa 100 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), isitumike ndani ya ndege wala isiwekwe kwenye kabati la juu. Kuipima ni rahisi: zidisha namba ya mAh iliyoandikwa juu yake kwa 3.7, kisha gawanya kwa 1,000. Yenye mAh 20,000 ni wati-saa 74, inapita. Yenye 30,000 ni 111, na hiyo inahitaji kibali cha shirika, kama shirika linakitoa. Isiyo na maandishi inaweza kuzuiwa hata ikiwa ndogo.

Wanaokwenda Marekani waongeze unga. Tangu tarehe 30 Juni 2018, kwenye ndege zinazoingia Marekani kutoka nje, unga au poda inayozidi mililita 350, karibu ujazo wa kopo la soda, inaweza kukataliwa begini mwa mkononi. Hii inawagusa wanaopanda ndege ya moja kwa moja ya Nairobi–New York: unga wa muhogo, bizari ya pilau, dawa za miti. Vipakie tumboni, na forodha ni suala lingine.

Ukaguzi wa mlangoni, ule unaowaacha wasindikizaji nje na kilio chao, unalinda watu zaidi ya ndege. Katika uwanja wa Brussels, Ubelgiji, tarehe 22 Machi 2016, walipuaji walijilipua kwenye ukumbi wa kuingizia mizigo, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amekaguliwa bado. Ukaguzi wa pili, ule wa kabla ya ukumbi wa kusubiri, ndio wa ndege, nao unatazama vitu ambavyo wa kwanza hauvijali, maji yakiwemo.

Kuhusu kuchaguliwa wewe na kuachwa mwenzako: Kiambatisho cha 17 kinataka sehemu ya ukaguzi isitabirike, ili mpangaji wa ubaya asiweze kuuzoea. Kitambaa wanachokupangusia viganja kinatafuta chembe za vilipuzi, na mkulima aliyeshika mbolea ya naitrati au mgonjwa wa moyo anayetumia naitrogliserini anaweza kuiamsha mashine bila kosa lolote. Atakaguliwa zaidi, ataulizwa, ataachiwa. Lakini kutotabirika si ruhusa ya kuchagua watu kwa sura, kanzu au jina, na mkaguzi anayefanya hivyo anastahili kuripotiwa.

Unaweza kuomba upapaswe na mtu wa jinsia yako, na mwanamke anayetakiwa afungue hijabu anaweza kuomba chumba cha faragha na mkaguzi wa kike. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo amwambie mkaguzi kabla ya kupita mlangoni. Kitu kikikataliwa, kabla hujakitupa uliza kama unaweza kurudi kukiingiza kwenye mzigo wa kupakiwa au kumpa msindikizaji. Na ukitaka kulalamika, andika saa, namba ya geti na ulichoambiwa, kisha upeleke kwa mamlaka ya uwanja. Malalamiko yasiyo na saa wala mahali hayawezi kulinganishwa na picha za kamera, na picha hizo hazihifadhiwi milele.