Kabla ya Kuniomba Sindano ya Kulala

"Kamwene, daktari. Mchome tu alale asiamke. Ana kansa, na mimi siwezi kumtesa kwa mionzi mpaka anyonyoke manyoya."

Huyo alikuwa mzee kutoka Ipogolo, hapa Iringa, kaja na mbwa wake Simba juu ya bodaboda. Wa tatu kuniambia hivyo mwezi huo. Nimechoka, kwa sababu wale wawili wa kwanza niliwasihi wakakataa, na mbwa wao walikuwa wa kupona.

Mionzi ni kitu kingine kabisa. Hapa nasemea tibakemikali, dawa ya kupita mshipani. Simba alikuwa na uvimbe kwenye uume, mwekundu, umechanua kama koliflawa, ukiugusa unavuja damu. Ni TVT, saratani ambayo chembe zake zenyewe huhama kutoka mbwa hadi mbwa kwa kupandana, kunusana na kulambana. Binadamu haimpati. Nilichukua sampuli, nikatazama kwa hadubini, nikaziona zile chembe za duara zenye vitundu. Shaka ikaisha.

Dawa yake ni vinkristini, iliyotokana na vinka, ua lile la Madagaska tunalolipanda kwenye makopo barazani. Sindano moja kwa wiki, mara nyingi nne hadi sita. Zaidi ya mbwa tisa katika kumi hupona. Hupona, jamani, sisemi kuongezewa siku! Saratani ya tezi za limfu ni habari nyingine: huko tunampa mbwa miezi mizuri, na dozi hupangwa ili aiishi kwa raha.

Sasa manyoya. Dawa hizi hupiga chembe zinazogawanyika upesi. Nywele za kichwani mwako hukua karibu muda wote, ndiyo maana mtu hunyonyoka. Manyoya ya mbwa wengi hufika urefu wake yakatulia, dawa haiyakuti yakiota. Pudo, aina ya mbwa ambaye manyoya yake hayaachi kukua, anaweza kunyonyoka. Mbwa wetu wa kienyeji sanasana atapoteza masharubu. Anaweza kutapika au kususa chakula siku mbili tatu, na chembe nyeupe za damu hushuka, kwa hiyo nazihesabu kabla ya kila sindano. Zikiwa chini, tunasubiri.

Kinachoninyima usingizi ni mshipa. Vinkristini ikivuja nje yake, nyama inaoza. Niliwahi kuharakisha mbwa akifurukuta. Kidonda cha mguu kilichukua wiki nyingi kufunga. Tangu hapo naweka kanula mpya, kimrija cha mshipani, napitisha maji ya chumvi kwanza, na nikiona ngozi inatuna hata kidogo, dawa haiingii.

Lipo na jambo ambalo bado linanisumbua. Uvimbe ukishatoweka machoni, niache au niongeze sindano moja? Mimi huongeza, nikijua huenda namchoma mbwa aliyekwisha pona. Kila mara mkono unasita.

Simba alianza na uvimbe wa ukubwa wa ngumi ya mtoto. Baada ya sindano ya tatu umebaki kama punje ya haragwe. Mzee anasafisha mkojo na kinyesi, ambamo dawa hutokea, kwa glavu siku tatu baada ya kila sindano, na binti yake mjamzito haruhusiwi kusogea. Jumanne ni ya nne. Kaniuliza kama amfungie nyumbani majike wakiwa kwenye joto. Nikamwambia amfungie, tena tumhasi kabisa.