Je, Wajua kwa Nini Usukani wa MGB Hubaki Mgumu Hata Baada ya Kufungwa Spea Mpya?

Mtu anayefufua gari la kale la michezo hununua raki mpya ya usukani, tairodi endi mpya (viungo vya ncha za fito zinazogeuza magurudumu) na kingipini mpya (nguzo ambazo magurudumu ya mbele hugeukia), akavifunga vyote kwa uangalifu, kisha siku ya kulitoa gari gereji akakuta usukani ni mzito kuliko ulivyokuwa kabla ya matengenezo, unakaza mahali fulani ukizungushwa, na haurudi wenyewe katikati baada ya kona. Malalamiko haya husikika sana kwa wenye MGB, gari dogo la Uingereza lililoundwa katika mji wa Abingdon kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, ambalo zaidi ya magari 500,000 ya aina yake yalitengenezwa. Wengi hulaumu ubora wa spea, na mara nyingine lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, mara nyingi tatizo ni kwamba usukani wa gari hili haukubuniwa kufungwa kwa kukaza boliti tu: kila kipuri hutakiwa kupimwa kulingana na kile kinachofuata, na spea mpya haiji na vipimo vya gari lako.

Mfumo wenyewe ni rahisi kuuelewa. Mhimili unaotoka kwenye usukani huteremka hadi kwenye krosi, yaani kiungo kinachopinda kati ya mihimili miwili, na krosi hiyo huzungusha gia ndogo iliyoshikana na fito la chuma lenye meno, yaani raki. Raki husogea kushoto au kulia, ikisukuma na kuvuta tairodi ambazo hugeuza magurudumu juu ya kingipini. Haina pampu ya kusaidia nguvu za dereva, kwa hiyo msuguano wowote uliopo njiani hufika moja kwa moja mikononi mwake.

Ugumu huanza wakati wa kutafuta spea. MGB nyingi ziliuzwa Marekani, na usukani wa magari hayo uko kushoto. Hivyo raki nyingi zinazotolewa kwenye magari yaliyokatwa huko hazimfai mtu wa Nairobi au Dar es Salaam, wala mtu wa Uingereza kwenyewe, kwa kuwa gia ndogo iko upande usio wake na haiwezekani kuigeuza raki ikakaa kinyume. Tofauti nyingine ni ya umri. Mwishoni mwa mwaka 1974 MGB ilibadilishwa bampa za chuma ikapewa bampa nyeusi za mpira, na gari likainuliwa ili kutimiza sheria za Marekani. Boriti ya mbele inayobeba raki ilibadilishwa pia, na raki ya magari hayo si ile ya magari ya bampa za chuma. Muuzaji atakuuliza mwaka wa gari, lakini mwaka peke yake hautoshi, kwa maana gari lenye umri wa miaka 50 huenda lilikwisha kubadilishwa boriti nzima baada ya ajali. Ni heri kutambaa chini ya gari ukapiga picha ya kilichomo, kisha ukaagiza kwa namba ya kipuri chenyewe.

Kwa upande wa upatikanaji, mwenye MGB ana bahati kuliko wenye magari mengi ya rika lake. Kampuni ya Moss Motors ya California imekuwa ikishughulika na magari ya Uingereza tangu mwaka 1948, na British Motor Heritage, iliyoanzishwa mwaka 1975, hutengeneza hata bodi nzima za MGB kwa kutumia mitambo ya awali. Raki na kingipini huuzwa pia kwa kubadilishana, yaani mnunuzi hulipa dhamana na kuirejesha ile kuukuu ili ikarabatiwe. Mpango huo ni mzuri kwa aliye karibu. Kwa aliye Afrika Mashariki, ambako magari haya yangali na wapenzi, kama yanavyoshuhudia mashindano ya Concours d'Elegance yaliyoanza Nairobi mwaka 1970, nauli ya kurudisha vyuma vizito ng'ambo inaweza kuumaliza unafuu wote. Maoni yangu ni kwamba raki ya zamani isitupwe kabla ya kukaguliwa. Chuma chake mara nyingi ni kizima, na kinachohitajika ni mipira mipya ya kuifunika, tairodi endi na oili.

Ukaguzi wenyewe haumalizwi kwa kutikisa usukani. Raki ya MGB hulainishwa kwa oili nzito ya gia ya EP90, wala si gresi, na oili hiyo huzuiwa na mipira miwili iliyo kwenye ncha zake. Mpira ukipasuka, oili huvuja, mchanga huingia, na meno huanza kulika. Nayo hayaliki sawasawa: ya katikati ndiyo huisha kwanza, kwa sababu muda mwingi gari huendeshwa moja kwa moja. Hapo fundi mwenye haraka hukaza kile kikandamizi chenye springi kinachoiegemeza raki kwenye gia, akaondoa vibati vyembamba vya kujazia nafasi vilivyo chini yake hadi ulegevu wa katikati ukaisha. Usukani ukikatwa hadi mwisho, raki hufika kwenye meno ambayo hayajalika na kukaza kama iliyoshikwa na jiliwa. Kwa sababu hiyo raki hupimwa ikiwa nje ya gari, kwa kuizungusha polepole kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, mizunguko inayokaribia 3. Ikiwa laini ukingoni na legevu katikati, meno yamekwisha na hakuna marekebisho yatakayoiokoa.

Kufungua nako kuna madhara yake. Kuanzia magari ya mwaka 1968 yaliyopelekwa Marekani, mhimili wa usukani ulitengenezwa ili ujikunje dereva akigongwa, na pini za plastiki zilizo ndani yake hukatika kwa urahisi mtu akiupiga nyundo kwa ncha, hata kama nia yake ilikuwa kuling'oa gurudumu la usukani tu. Nati ya gurudumu hilo ilegezwe lakini iachwe kwenye nyuzi zake, ili gurudumu linapoachia ghafla lisimpige mtu usoni. Tairodi endi iliyogoma kwenye mkono wa gurudumu haihitaji kutindiliwa kwa uma wa chuma unaochana mpira. Huwekwa nyundo nzito upande mmoja wa tundu la mkono, kisha upande wa pili ukapigwa kwa nyundo nyingine mara moja au mbili kwa nguvu, na ncha ile yenye umbo la pia ikachomoka yenyewe.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo hurukwa kuliko zote. Raki hukaa juu ya boriti ya mbele, ilhali mhimili wa usukani umeshikwa na bodi. Mihimili hiyo miwili hukutana kwa pembe, na hilo si kosa, kwa kuwa krosi ipo kwa ajili ya pembe; lakini mistari ya katikati yake lazima ikutane mahali pamoja, ndani ya krosi yenyewe. Ikipishana kwa milimita chache, krosi hulazimika kujipinda, na dereva huhisi usukani ukikaza na kulegea kwa zamu katika kila mzunguko. Kiwandani walitumia vipimo viwili vyenye ncha kali, kimoja kwenye mhimili na kingine kwenye gia ya raki, ambavyo ncha zake zilitakiwa kugusana. Pengo lililobaki chini ya mabano ya raki lilijazwa kwa vibati vyembamba. Vibati hivyo huanguka sakafuni wakati wa kufungua, vikafagiwa pamoja na kutu, na fundi akafunga raki mpya bila hata kimoja. Boliti ya kubana krosi nayo ipite kwenye mfereji uliochongwa katika mhimili. Isipopita, krosi haijaingia vya kutosha, na kuilazimisha ni kuhatarisha maisha.

Kingipini huhitaji gresi kila maili 3,000, kiasi cha kilomita 4,800, kupitia matundu matatu ya kila upande. Gurudumu liinuliwe kwa jeki wakati wa kupiga gresi, la sivyo uzito wa gari huzibana sehemu zilezile zinazohitaji kupata mafuta.

Baada ya hapo ndipo hupangwa magurudumu. Raki huwekwa katikati kwa kuhesabu mizunguko, tairodi endi huingizwa kwa kina kilekile pande zote mbili, na tairi huelekezwa ndani kwa mbele kwa milimita 1.5 hadi 2.3, gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote.

Ikiwa yote haya yamefuatwa na usukani bado ni mzito wakati wa kuegesha, kilichobaki ni pembe ya kasta, yaani mwinamo wa kingipini kuelekea nyuma. MGB ilipewa digrii 7, ambazo kwa tairi za radial za leo ni nyingi kuliko inavyohitajika. Wapo wanaofunga kabari kati ya boriti na chasisi ili kuzipunguza hadi digrii 5 hivi, na usukani hupungua uzito kwa kiasi kinachohisika. Ila raki imefungwa kwenye boriti hiyohiyo, na boriti ikiinama nayo huinama. Kwa hiyo krosi hupimwa upya, na vibati vikapangwa tena, kabla gari halijaingia barabarani.